Nusu ya Kulia

Ijumaa, tarehe kumi na moja Mfungo Pili, kabla jua halijatoka, nilimpoteza Mwanasha, mke mwenzangu. Alifia chumbani kwake, ng'ambo ya ukumbi, mlango ukitazamana na wangu, hapa Likoni, na baada ya sala ya Ijumaa wakaenda kumzika. Wanawake waliokuja kutoa pole walinishika mkono wakanitazama usoni, wakingoja nilie, nami nikawauliza kama wamepata chai. Si kwamba nilikuwa najikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Nilikuwa vivi hivi alipokufa Salim, mume wetu sisi wawili, na kwa hiyo siku hizi zote za matanga nimekuwa nikiufikiria mwaka ule wa Salim kuliko ninavyokifikiria kifo hiki cha juzi. Watu wanadhani nimenyamaza kwa ajili ya Mwanasha. Kwa kweli nilikuwa nikijaribu kukumbuka sauti yake mara ya kwanza aliponisemeza.

Maana tulikaa nyumba moja miaka mingi bila kusemezana. Nyumba yetu ni ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Mwanasha alikuwa bi mkubwa, akakaa vyumba vya kulia; mimi nililetwa nyuma, nikakaa vya kushoto. Hatukuwahi kupigana wala kutukanana, na majirani waliotega masikio walichoka wakaenda zao. Ila hatukusema. Nadhani siku za mwanzo kila mmoja alimngoja mwenziwe aanze, kisha kungoja kukawa ndiyo desturi ya nyumba. Chochote kilichotakiwa kusemwa kilipitia kwa Salim. Tulikuwa tukikaa sote watatu kwenye mkeka mmoja, sinia moja ya wali katikati, na Mwanasha akisema, "Baba Fatma, mwambie mwenzio chumvi imezidi." Salim akanigeukia. "Chumvi imezidi." "Mwambie nimesikia." "Amesikia." Salim hakuwahi kukasirika. "Mimi posta tu," alikuwa akisema huku akichambua samaki, "na mshahara wenyewe sipewi." Mwanasha alikuwa akicheka, mimi nilikuwa nikicheka, kila mmoja akitazama upande wake.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa, na bado ndiyo hiyo. Nilimaliza darasa la nane, nikajifunza taipu kwa mama mmoja aliyekuwa na mashine mbili barazani kwake, na kompyuta zilipokuja nikahamia kompyuta. Nina kibanda karibu na kivuko. Nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, kadi za harusi, na kila mtu anadhani karatasi yake ndiyo ya haraka zaidi. Mwaka ule mikono yangu ilianza kufa ganzi. Ilianza vidole vya mkono wa kulia, alfajiri, kama mkono umelaliwa, kisha ikapanda hadi kifundo. Nilikuwa nikishika kikombe nacho kinaniponyoka. Nilimwambia Salim, na Salim, aliyekuwa tarishi katika ofisi moja Changamwe, siku moja akarudi na kikapu, tukiwa tumekwisha kaa kula, akatoa ndani yake kitu kilichofungwa kwa gazeti.

Ilikuwa kibodi, lakini ya vipande viwili. Nusu ya kushoto peke yake, nusu ya kulia peke yake, na kati yake waya mmoja mweusi mrefu, hata ungeweza kuweka sinia katikati. Vitufe havikupangwa kwa kupishana kama nilivyozoea, vilisimama safu safu wima, na chini kulikuwa na vingine vya kubonyezwa kwa vidole gumba. Meneja wao aliyehama aliiacha kabatini, naye Salim akaiomba. "Ni ya watu wenye mikono kama yako," akaniambia. "Unaitenga hivi, upana wa mabega, vifundo havipindi."

Mwanasha aliitazama kutoka upande wake wa sinia. "Baba Fatma, mwambie mwenzio asiipokee. Imekatika hiyo."

"Anasema imekatika," Salim akaniambia.

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia. Na haijakatika. Ilizaliwa hivyo."

"Basi ina kilema," akasema Mwanasha, akaendelea kula.

Niliiweka chini ya kitanda. Sikuiona tena mpaka baada ya Salim kufa, na hilo halikuchukua muda. Alikwenda kusali magharibi, akaanguka pale wanapotawadha. Nilikuwa nimeshika mwiko wanaume walipomwingiza. Nakumbuka niliurudisha mwiko ndani ya sufuria kwanza, nikaifunika vizuri, ndipo nikatoka ukumbini.

Basi tukakaa edda, wajane wawili katika nyumba moja, bila manukato, bila wanja, nguo zisizo na urembo. Posta yetu imekufa. Wanawake walijaa ukumbini siku za kwanza na niliwasikia wakisemezana jikoni, wakidhani sauti ya maji ya mfereji inawafunika. "Hawa wawili watauana humu ndani." "Hawauani. Watakufa kwa kimya." "Na edda ikiisha?" "Mdogo atarudi kwa kakake Mtopanga. Hana mtoto, akae hapa kwa nini?" Ilikuwa kweli. Kaka yangu alikwisha nitumia ujumbe: edda ikiisha atakuja kunichukua. Alikuwa na vyumba viwili na watoto wengi, nami nililijua godoro nitakalolalia, na nilijua nani atakuwa akinung'unika asubuhi. Nilikuwa na njia moja tu ya kutokwenda, nayo ni kibanda kisife. Mwenye kibanda aliniahidi kungoja ilimradi wateja wanapata kazi zao. Wakianza kulalamika, angempa mtu wa kuuza simu. Fatma, binti wa Salim na Mwanasha, aliyeolewa Changamwe, alijitolea kuleta karatasi nyumbani na kurudisha kazi kwenye fleshi. Nilikuwa na laptopu yangu nzee. Nilikuwa na kila kitu ila mikono. Mtu akiniuliza hali, nilikuwa nikijibu, "Mikono imekufa ganzi," na wao walipangusa macho, wakafikiri nasema habari za msiba. Nilikuwa nasema habari za mikono.

Ndipo nikaitoa ile kibodi chini ya kitanda. Nilikaa ukumbini kwenye mkeka, laptopu juu ya kigoda, nusu moja huku, nusu moja kule. Siku ya kwanza nilidhani nimesahau kuandika. Mimi nilijifunza vibaya tangu taipu: herufi B naipiga kwa kidole cha kulia, na kwenye kibodi hii B iko nusu ya kushoto. Basi kila ilipofika B, kidole changu cha kulia kilitoka nje ya kibodi, kikapiga mkeka. Tok. Barua yote, tok, tok, na juu ya kioo pengo. Nafasi kati ya maneno ilitaka kidole gumba, nacho kilikwenda kwingine kikafuta mstari mzima. Jioni nilikuwa na ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe ungeudhani umeandikwa na mtu anayekimbizwa. Nilichapa tena kesho yake. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nikitazama vidole vyangu kama vidole vya mtu mwingine niliyeajiriwa kumsimamia. Taratibu B ikahamia mkono wa kushoto, na mabega yakashuka. Salim alisema kweli, mikono ikikaa mbali vifundo havipindi. Lakini mkono wa kulia ulikwisha chelewa. Siku moja niliunyanyua nikakuta hausikii kitu, hata moto wa kikombe.

Nilikwenda hospitali, maana kwa ugonjwa mjane hutoka. Daktari, msichana mwenye haraka, aliniambia mshipa umebanwa ndani ya kifundo. Akanivisha mkanda wenye kibati ndani, kutoka vidoleni hadi nusu ya mkono, akasema mkono huo usifanye kazi yoyote mpaka aniambie. "Unafanya kazi gani, mama?" Nikamwambia. Akanitazama kidogo. "Basi chapa na wa kushoto," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Wakati ule nilikuwa na kazi moja kubwa, na ndiyo iliyoshikilia kibanda. Ustadhi mmoja wa madrasa alitaka kijitabu cha mawaidha kichapwe, kigawiwe msikitini kabla ya Ramadhani. Maandishi yake yalikuwa ya mkono, karatasi nyingi, na alimlipa mwenye kibanda kodi yangu moja kwa moja kwa ajili ya kazi hiyo. Fatma alikuja akavua viatu, akaona mkanda mkononi mwangu, akakaa. "Mama mdogo, Ustadhi anauliza. Na mwenye kibanda anauliza kwa nini Ustadhi anauliza." Nikamwambia waambie naandika. Alipoondoka nikaendelea kuandika kwa mkono wa kushoto. Nilimaliza herufi za upande wangu, kisha nikauvusha mkono ule ule juu ya pengo, nikatafuta upande wa pili, nikarudi. Kuvuka na kurudi, kuvuka na kurudi. Neno moja kama *nyumbani* lilinivusha hadi nikasahau nilikuwa naandika nini.

Mwanasha alikuwa amekaa upande wake wa ukumbi, ungo mapajani, anachagua mchele. Alikuwa akipika mahamri ya kuuza, na hata katika edda alikandia jikoni, jirani akamuuzia. Nilijua ananitazama kwa sababu mchele ulinyamaza. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kila siku, akitazama pale mbele ya mlango ambapo Salim alikuwa akikaa:

"Baba Fatma, mwambie mwenzio..."

Hakumaliza. Mimi nilikwisha kuinua kichwa kuelekea pale pale, nikingoja kuambiwa. Tulipatazama sote wawili. Palikuwa na kandambili za Fatma, alizozisahau siku za nyuma. Nje mtu alipita akiuza mabamia. Mwanasha akaweka ungo chini, akainuka kwa kushika ukuta, akavuka ukumbi, akakaa kuliani kwangu, goti lake likagusa langu. Mikono yake ilikuwa bado na unga wa mahamri mpaka juu ya vifundo. Akaichukua nusu ya kulia, akaiweka mapajani kama ungo.

"Ipi?" akasema.

"N," nikasema.

"Iko wapi hiyo N?"

"Safu ya chini. Karibu na waya."

Akaitafuta, akaibonyeza kwa kidole kimoja kama anayepima ikiwa mandazi yameumuka. N ikatokea kwenye kioo, kisha zikatokea nyingine nyingi, maana hakuondoa kidole.

"Lo! Imekuja na jamaa zake," akasema.

Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza. Nimeyaandika kama yalivyokuwa. Hakukuwa na mengine. Hatukuombana radhi, hatukushikana. Nilifuta zile N za ziada, nikaandika zangu, nikasema, "Y," naye akaitafuta.

Tulikwenda hivyo siku nyingi, baada ya adhuhuri mpaka alasiri. Mwanasha alisoma chuoni kwa maalimu, herufi za Kiarabu alizijua vizuri, hizi zetu alizisoma polepole kama mtu anayevuka mtaro. Alitaka nitaje herufi tu. "Usiniambie *bonyeza*, mimi si mtumishi wako. Taja, ninyamazie." Nikawa nataja. I. O. K. Nilizoea kutaja za upande wake na kupiga za upande wangu kimya, hata mtu aliyepita dirishani alisikia mwanamke anasema I, L, M, U, pengo, N, I, na alidhani tunafundishana kusoma. Baada ya muda nikaona nikifungua kinywa, kidole chake kimekwisha fika. Neno la kwanza aliloliandika peke yake lilikuwa *Likoni*, kwa sababu herufi zake zote ziko nusu ya kulia. Aliligundua mwenyewe. "Hili halikuhusu," akaniambia. "Weka mkono wako chini." Akaliandika moja moja, nami nikauweka mkono chini, na tangu siku hiyo kila lilipotokea neno hilo, katika anwani au tarehe, niliacha kuchapa, naye akaandika.

Wakati mwingine alizungumza na kijitabu. Palikuwa na ukurasa juu ya haki za jirani, kumtembelea akiugua, kutomuudhi kwa harufu ya chungu chako. "Jirani, jirani," akasema Mwanasha. "Na mke mwenza je? Au huyo si jirani? Mwongezee Ustadhi mstari."

"Atajua hakuandika yeye."

"Mwache ajue. Ana wake wawili yule, atashukuru."

Nilicheka. Ilikuwa ajabu kusikia kicheko changu ukumbini na mtu wa pili kukijibu bila ya mtu wa tatu katikati. Lakini nisiseme uongo: hatukuwa marafiki. Kibodi ikizimwa, kila mmoja alirudi upande wake, na usiku hatukusema. Kama nilihitaji mafuta ya taa au kiberiti, niliingoja alasiri ya kesho. Na kuhusu Salim hatukutaja lolote, isipokuwa mara moja, niliposema hii kibodi nzuri, naye akasema, "Ndiyo. Nilimwambia ina kilema."

Kijitabu kilikwisha kabla ya Ramadhani. Ustadhi alituma tende. Mwenye kibanda aliacha kuuliza. Na daktari yule mwenye haraka aliufungua mkanda, akanikunja vidole, akanichoma kwa ncha ya kalamu, nikasikia kila kidole. "Basi," akasema, "umepona, ila usirudi kwenye kibodi ya zamani." Nilirudi nyumbani nikauvaa tena ule mkanda, nikakaa kwenye mkeka wakati wa kawaida, nikataja herufi. Sikumwambia Mwanasha, na sikujiuliza kwa nini simwambii. Zilikuwa kazi ndogo ndogo sasa, barua, kadi. Yeye alikuja kila alasiri, na unga wake.

Siku moja nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilikaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi, na nilikuwa nikifikiria mambo mengine, basi mkono uliozoea ukashika kazi wenyewe, na huo ni wa kulia. Mkanda ulikuwa juu ya kabati la vyombo. Niliona kivuli mlangoni. Mwanasha alisimama pale na bakuli lake, akanitazama nakuna, mkono unakwenda na kurudi kwa nguvu zote, nazi inamwagika nyeupe.

"Mkono umepona," akasema.

"Umepona."

Akaja akachota maji kwenye mtungi. Akajaza bakuli. Nilifikiri hapo ndipo tutakaporudia kimya chetu, na safari hii kitakuwa cha haki.

"Basi maliza nazi yako," akasema, "kuna ile barua ya mtu wa Mtongwe. Anaitaka leo."

Tuliiandika ile barua. Sikuvaa mkanda. Nilitaja, akabonyeza.

Edda ilipokwisha, kaka yangu alikuja kutoka Mtopanga kama alivyoahidi, na begi tupu la kutilia nguo zangu. Alikaa ukumbini akanywa chai, akasema maneno ya heshima, akamshukuru Mwanasha kwa kukaa nami vizuri. Kisha akaniambia, "Haya Mishi, kusanya vitu, tuwahi kivuko kabla hakijajaa."

Mwanasha alikuwa kwenye mlango wa chumba chake. Nilidhani atamwambia kupitia kwangu, au kupitia kwa mtu yeyote. Alimtazama usoni. "Haendi," akasema. "Kazi haijakwisha."

"Kazi gani, dada yangu?"

"Muulize mwenyewe."

Kaka akanigeukia. Kijitabu kilikwisha gawiwa zamani, hata yeye mwenyewe alikuwa nacho kimoja Mtopanga. Nikatazama lile begi. "Haijakwisha," nikasema. Alimaliza chai, akalikunja begi lake akaondoka, na nina hakika mkewe alifurahi.

Baadaye nilirudi kibandani na kibodi yangu, na Mwanasha akarudi kuuza mahamri yake mwenyewe. Alasiri, akimaliza, alikuwa akipita kibandani na mahamri yaliyobaki, akaketi kuliani. Nikiwa na haraka niliandika kwa mikono yote miwili, naye alikula akitazama watu. Nisipokuwa na haraka nilimsogezea nusu ya kulia. Wateja walituzoea. Mmoja aliwahi kumuuliza kama anajua kompyuta. "Nusu," alimjibu. Mwaka huu miguu ilimkataa, basi nikawa nairudisha kibodi nyumbani jioni, na hata wiki ile aliyokufa, Jumanne, tuliandika ukumbini kadi ya harusi ya watu wa Mtongwe. Alikuwa ametoka kukanda kidogo, kwa kukaa, na unga mikononi. Alipumzika baada ya kila mstari.

Jana Fatma alikuja na viatu mkononi. Alitaka tangazo la hitima ya mamake, la kubandika msikitini. "Mama mdogo, kama mikono yako inaweza." Nikasema inaweza. Niliweka laptopu juu ya kigoda, nikatenga nusu mbili upana wa mabega. Fatma aliketi upande wangu wa kushoto, akanisomea kutoka kwenye simu yake jina kamili la mamake, jina la babake, siku, saa. Niliandika yote bila kukosea. Kisha akasoma mahali.

Nikaacha kuchapa.

"Likoni," Fatma akarudia, akidhani sikusikia. "Nyumbani kwa marehemu, Likoni."

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekwisha shuka mkekani wenyewe. Nilingoja kidogo. Kisha nikauinua wa kulia, nikaliandika, moja moja, mpaka mwisho, na nilipouondoa mkono, ncha za vidole zilikuwa na unga.